Mzee Anaposahau Njia ya Nyumbani

Hutokea mzee aliyezijua njia zote za Tabora, kuanzia stesheni ya reli hadi miembe ya iliyokuwa njia ya misafara ya Ujiji, akapotea akienda kisimani. Jamaa husema ni uzee tu. Sivyo. Uzee humpunguzia mtu wepesi wa kukumbuka. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huharibu ubongo, na mgonjwa hushindwa polepole kupika, kuhesabu fedha, hata kumtambua mwanawe. Utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta wagonjwa wapatao 6 katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Katika Unyamwezi na Usukuma dalili hizi zina hatari ya pili. Bibi anayezunguka usiku, anayesema peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, huweza kuitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa neno hilo. Kwa hiyo mzee asifichwe. Mwenyekiti na majirani waelezwe mapema, kwa lugha ya wazi, kwamba ni mgonjwa; ndio watakaomrudisha atakapoonekana barabarani.

Nyumbani, mabishano hayasaidii. Akidai kwenda kwa mama yake aliyefariki zamani, kumwambia kwamba alikwisha kufa ni kumfiwisha upya kila siku. Heri aulizwe habari za huyo mama, kisha akaribishwe chakula. Baadhi hubaki na Kinyamwezi cha utotoni peke yake. Mjukuu asiyekijua ajifunze walau salamu. Kazi anayoiweza aachiwe, kama kubangua karanga au kuanika michembe, ijapokuwa mwingine atairudia baadaye kimyakimya. Moto wa jikoni tu ndio usiachwe mikononi mwake. Naye anayemtunza, mara nyingi binti mmoja, apokewe zamu, maana huchoka kuliko anavyokiri.

Usahaulifu ulioanza ghafla, ndani ya siku chache, ni jambo la dharura: huenda ni malaria, nimonia, upungufu wa maji mwilini au dawa, nayo hutibika. Mzee apelekwe zahanati siku hiyohiyo, pamoja na dawa zake zote na mtu awezaye kueleza hali ilianza lini. Ikibidi atapewa rufaa hadi Hospitali ya Kitete. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60; asiyemudu gharama, familia imwone Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri.