Mpangilio wa Ufunguo katika Chati za Mapato na Matumizi

Kila robo mwaka, taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji hubandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Baadhi ya taarifa hizo huambatana na chati iliyochorwa kwa kompyuta, nayo huwa na ufunguo: orodha fupi inayoonyesha kila rangi inasimamia huduma ipi, mfano wa ule wa ramani za shuleni.

Chati ikichapishwa kwa rangi, mpangilio wa majina katika ufunguo hauna uzito mkubwa. Nakala zinazofika vitongojini, hata hivyo, mara nyingi ni za fotokopi. Bluu, kijani na nyekundu hugeuka kijivu kinachokaribiana, na msomaji hubaki akitegemea mpangilio peke yake.

Ichukuliwe nguzo moja yenye matabaka matatu: afya shilingi milioni 12 chini kabisa, elimu milioni 9 katikati, na maji milioni 3 juu. Ufunguo ukiwa chini ya chati, majina husomeka kutoka kushoto: afya, elimu, maji. Mkazi anayeanza kusoma nguzo kutoka juu atalipa tabaka la juu jina la kwanza. Ataamini kuwa afya imepata milioni 3 na maji milioni 12, na kwa kuwa pampu ya kijiji chake imeharibika, atasimama mkutanoni kudai maelezo ya fedha ambazo hazikuwahi kutengwa. Hoja yake ni ya haki. Karatasi ndiyo iliyompotosha.

Katika programu ya Excel, majina ya ufunguo hufuata mpangilio wa safu za takwimu zilizochorwa. Hayawezi kuvutwa kwa kipanya na kupangwa upya ndani ya ufunguo wenyewe. Mwandaaji hufungua dirisha la kuchagua data, huteua safu anayoitaka, kisha huisogeza kwa vishale vya juu na chini. Lakini hapo matabaka nayo huhama, kwa hiyo kishale hakiwezi kuondoa mgongano uliotajwa. Dawa yake ni nyepesi zaidi: ufunguo uhamishiwe kulia kwa chati. Ukiwa hapo, Excel huyapanga majina ya matabaka kutoka juu kwenda chini kama yalivyo katika nguzo. Tangu toleo la 2013 programu hiyo huuweka ufunguo chini isipoelekezwa vinginevyo, na wengi huuacha hapohapo.

Chati inayochanganya nguzo na mstari ina kanuni yake: nguzo hutajwa kwanza, mstari baadaye, hata kama mstari ulitangulia katika jedwali. Chati ya duara hufuata mpangilio wa mistari ya jedwali, hivyo hupangwa kwa kupanga jedwali lenyewe.

Lililo bora kuliko yote, hasa kwa karatasi ya ubaoni, ni kuandika jina la huduma na kiasi chake ndani ya kila tabaka na kuufuta ufunguo. Mkazi anayekutana na chati isiyosomeka anaweza kumwomba mtendaji wa kijiji amwonyeshe jedwali la takwimu ambalo chati hiyo ilichorwa kutokana nalo.