Kutu kwenye Land Rover ya zamani: gonga kwanza, rangi baadaye

Leo naomba tuache kidogo mambo ya palizi, tuongelee gari. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaishiwa mada. Subiri kwanza. Huku kwetu nyanda za juu viazi vingi bado vinatoka shambani kwa Land Rover za zamani, na mwezi huu nimejifunza jambo ambalo nisingependa wewe ulijue kwa ajali.

Mzee mmoja wa kikundi chetu ana Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Injini ilikufa, gari likakaa chini ya mparachichi karibu miaka minne. Mwaka huu kijana wake aliyeko mjini akatuma hela: injini itengenezwe, gari lipigwe rangi, lirudi barabarani kabla ya mavuno. Injini ikawaka. Mzee akanipigia simu: "Bwana shamba, njoo uone, imebaki rangi tu."

Nikaenda, nikaamkia, nikalizunguka gari. Bodi haina tundu hata moja. Nikamwambia, "Mzee wangu, gari hili zima kabisa." Hapo nilikosea.

Siku hiyo alikuwepo fundi wa kuchomelea, kaja kutengeneza geti la banda la ng'ombe. Kijana akachukua nyundo, akaingia uvunguni. Ko, ko, ko. Halafu sauti ikabadilika, ikawa pu, na nyundo ikazama. Chuma kikadondoka vipande vipande kama maganda ya mti mkavu. Ilikuwa ile boriti ya nyuma ya chesisi, inayoshika tela. Mzee akakaa juu ya gunia, kimya. Baadaye akasema, "Na hapo juu ndipo wanapokaa wajukuu tukienda gulioni."

Kwa nini bodi inadanganya

Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zimefuata mtindo huohuo. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Lakini chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Maji na tope vinaingia, havitoki, na kutu inakula kuanzia ndani kuja nje. Ni kama hindi lenye dumuzi: nje punje unaiona nzima, ndani unga mtupu.

Na sisi wakulima tunaongeza moto. Mbolea kama urea, CAN na SA zinavuta unyevu hewani na zinakula chuma. Mkojo wa ng'ombe ni vilevile. Nakiri, kwa misimu mingi mimi ndiye niliyekuwa namwomba mzee abebe mbolea ya kikundi, na sikuwahi kumwambia aoshe gari baadaye. Mifuko inapasuka, punje zinapenya kwenye mianya, mvua inamalizia kazi.

Wapi pa kutafuta

Beba nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na tochi. Osha uvungu kwanza, maana tope linaficha mengi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo imara. Halafu gonga polepole, usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Ukipata shaka, choma kwa bisibisi.

Anza na boriti ya nyuma. Fuata mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kushika bodi, kisha sehemu zinaposhikia springi. Njoo ndani, inua mkeka, angalia sakafu ya miguu ya dereva na ya abiria. Ukuta unaotenga injini na dereva nao ni wa chuma, kwa hiyo kagua chini ya kioo cha mbele na kwenye nguzo za milango. Pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Huo nao ni ugonjwa, aluminiamu inaliwa.

Mwisho fuatilia paipu za breki kutoka mwanzo hadi mwisho. Paipu yenye kutu iliyochimba vishimo usiisugue, badilisha. Ikipasuka ukiwa mteremkoni na tani ya viazi mgongoni, hakuna wa kumlaumu.

Namna ya kuiondoa

Kutu ya juujuu inatoka kwa brashi ya waya, msasa au grenda. Vaa miwani, glovu na barakoa. Sugua mpaka uone chuma cheupe, futa vumbi na mafuta, upake praima nyekundu ya redoksaidi siku hiyohiyo. Ukiacha kilale na umande, asubuhi kutu imesharudi.

Vitu vidogo vya chuma kama bolti na bawaba vitumbukize kwenye molasesi, ileile tunayowapa ng'ombe. Sehemu 1 ya molasesi, sehemu 9 za maji, wiki 1 hadi 2. Funika ndoo, harufu yake si mchezo. Kisha suuza, kausha, paka rangi. Usiweke aluminiamu humo, itaharibika.

Palipotoboka hapana dawa ya kupaka. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, uchomelee bamba la unene wa mm 2 hadi 3. Kubandika bamba juu ya uozo ni kujidanganya, na puti si chuma. Kabla ya kuchomelea ondoa nyaya za betri na utoe tangi la mafuta. Egemeza chesisi vizuri isije ikapinda ukishakata.

Kazi ikiisha, zibua matundu ya chini ya chesisi yanayotoa maji. Puliza ndani mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu, ila yasifike kwenye breki. Na kila ukibeba mbolea au samadi, osha gari siku hiyohiyo, uvungu kwanza.

Mzee alimpigia kijana wake mbele yangu. Haikuwa simu nyepesi, maana kijana alitaka gari ling'ae Krismasi. Walikubaliana hela ya rangi iingie kwenye chesisi na paipu za breki. Wiki iliyopita limeshusha gunia za kwanza za viazi, bodi bado ina mabaka ya rangi ya zamani, boriti ya nyuma mpya, nyekundu ya praima. Wajukuu walikuwa juu, nikawaomba washuke wakae mbele.

Nawe kama una gari la zamani chini ya mti, kagonge wikendi hii kabla hujamwita mpaka rangi. Ukikwama, nikute ofisi ya kata siku ya gulio.