Wagoni zenye turbo: tazama gia kabla ya nguvu za farasi

Wagoni yenye turbo ina mvuto wake hapa Pwani. Siku za kazi hubeba watoto na mizigo, na safari ya Malindi ikifika, ina pumzi ya kulipita lori bila wasiwasi. Shida huanza mtu anapoinunua kwa bei ya chini kisha akataka kuiongeza nguvu. Tuzilinganishe tatu.

Ya kwanza ni Subaru Legacy GT ya muundo wa BP5, iliyotengenezwa 2003 hadi 2009. Injini ni EJ20 ya lita 2.0. Yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, otomatiki 260. Mafundi wanaijua na spea zapatikana. Lakini mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kichujio kidogo kwenye bomba la oili ya turbo kikiziba, turbo hukauka ikafa.

Ya pili ni Toyota Caldina GT-Four ya 2002 hadi 2007. Injini yake, 3S-GTE, ina bloki ya chuma cha kutupwa na nguvu 260. Injini yavumilia kuongezwa, ila gia ni otomatiki nne pekee, na hapo ndipo mwisho wake.

Ya tatu ni Subaru Levorg ya lita 2.0, kizazi cha 2014 hadi 2020. Ina nguvu 300 na hutumia cheni badala ya mkanda. Gia zake ni CVT. Ukiizidishia injini msukumo, gia ndizo zitakazoumia kwanza, na kuzitengeneza ni gharama kubwa.

Kumbuka pia sheria ya KEBS: gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingizwi nchini. Kwa hivyo Legacy hiyo na Caldina utazipata mikononi mwa watu tu, ilhali Levorg za miaka ya mwisho bado zaweza kushuka Kilindini.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukisikia muuzaji asifu turbo kubwa na ekzosi mpya, uliza ilifungwa na nani na oili ilibadilishwa lini. Pesa ulizotia kwenye nguvu hazirudi siku ya kuuza. Mnunuzi mwenye akili hulipia gari lililo kamili.

Ukishaamua kuongeza, fuata utaratibu. Anza na matunzo: oili, mkanda, mipira ya maji. Kisha breki, tairi na shokomzoba, kwa sababu gari lenye mbio lisiloweza kusimama ni hatari kwa aila yako na kwa mwenye bodaboda. Kompyuta ya injini iwe ya mwisho. Injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani ya okteni ya juu. Ukiongeza msukumo kwa petroli ya kawaida, pistoni hupasuka. Iarifu kampuni ya bima, na injini ikibadilishwa, isajili NTSA.

Kwa maoni yangu, mwenye nia ya kuongeza nguvu achukue Legacy ya gia za mkono. Anayetaka mbio za kiwandani na usalama wa familia achukue Levorg, aiache ilivyo. Caldina ni ya anayependa injini ngumu na asiyetaka kuisumbua.