Oili Katika Maji ya Rejeta: Dalili, Chanzo na Hatua za Kuchukua

Lori ni mguu wa chama. Msimu wa kununua mazao ukifika, mkulima aliyekwisha kuleta pamba au kahawa yake ghalani hapendi kusikia kwamba mzigo umekwama kwa sababu gari limelala gereji. Kwa hiyo yafaa kila katibu, wala si dereva peke yake, aelewe maana ya dalili moja ambayo hupuuzwa mara nyingi mpaka injini ikaharibika: oili kuonekana katika maji ya rejeta.

Kwa nini oili huingia majini

Ndani ya injini ya dizeli, oili na maji hupita katika njia zilizo jirani, zikitenganishwa na ukuta wa chuma au gasketi tu. Injini inapofanya kazi, pampu huisukuma oili kwa nguvu inayozidi mara kadhaa ile ya maji. Pakitokea tundu, oili ndiyo itakayokimbilia upande wa maji. Injini ikizimwa, nguvu ya oili hutoweka, lakini maji ya moto huendelea kusukuma kwa muda, na huweza kupenya kuingia katika oili kwa njia ile ile.

Namna ya kupima

Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yatamrukia mtu na kumwunguza vibaya. Subiri ipoe kabisa, kisha fuata hatua hizi:

1. Chota maji ya rejeta, uyatie katika chupa safi ya kioo na kuyaacha yatulie. Oili itaelea juu, au mchanganyiko utakuwa mzito wenye rangi kama ya chai ya maziwa. Tope la kahawia lisilo na utelezi huenda likawa kutu tu.

2. Nusa na utazame rangi. Oili nyeusi ni ya injini. Harufu ya dizeli huelekeza kwenye mfumo wa mafuta, hasa vikombe vya nozeli katika injini zilizo navyo. Oili nyekundu, katika gari lenye giaboksi ya kujiendesha, huenda imetoka kwenye kipozeo cha giaboksi hiyo.

3. Chunguza oili kwa kijiti cha kupimia. Gari likiwa limelala usiku kucha, fundi alegeze kidogo boliti ya kumwagia oili. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Yakionekana, lori lisiwashwe tena, maana beringi zitasagika.

4. Ikiwa oili haina maji, jaza rejeta, uache kifuniko wazi na uwashe injini ikiwa baridi. Tazama kama mapovu yanatoka mfululizo.

Kumtambua mkosaji

Oili ikiwa majini, lakini maji hayamo katika oili wala hakuna mapovu, wa kwanza kushukiwa ni kipozeo cha oili. Kifunguliwe, kizibwe upande mmoja, kitiwe upepo kwa kiasi kilichoelezwa na watengenezaji, kisha kizamishwe majini. Povu litaonyesha tundu lilipo.

Mapovu mfululizo, mipira ya rejeta kuwa migumu mapema kabla injini haijapata moto, na moshi mweupe usiokoma huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi au ufa. Hata hivyo, kompresa ya breki za upepo inayopozwa kwa maji nayo huweza kutia upepo katika rejeta. Ichunguzwe kabla ya kufungua hedi.

Hapa ndipo fedha za wanachama zinapookolewa au kupotea. Kubadili kipozeo ni kazi ndogo. Kufungua injini nzima ni kazi kubwa. Katibu asiidhinishe malipo ya kazi kubwa kabla fundi hajamwonyesha kipimo kilichomfikisha kwenye uamuzi huo.

Baada ya matengenezo

Kuziba tundu hakutoshi. Utando wa oili uliobaki huzuia joto kutoka katika chuma, na gari litaendelea kuchemka ingawa limetengenezwa. Mfumo usafishwe kwa sabuni isiyotoa povu jingi, injini ipashwe moto, maji yamwagwe, na kazi irudiwe mpaka yatoke safi. Petroli isitumiwe kamwe. Mipira iliyovimba au kulainika kwa oili ibadilishwe, na oili pamoja na filta yake viwe vipya ikiwa maji yalipenya. Maji machafu yasimwagwe mtoni wala pale mifugo inapokunywa, kwa sababu dawa ya rejeta huweza kuwa sumu.

Wajibu wa katibu

Kila lori liwe na daftari. Dereva aandike kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kiasi cha oili na maji alichoongeza. Oili ikipungua wakati hakuna uvujaji wa nje wala moshi wa buluu, rejeta itazamwe siku hiyo hiyo. Vilevile dereva aulizwe bila vitisho kama aliongeza maji kwa kopo lililokuwa na oili. Anayeogopa kukaripiwa huficha, na fundi hupotezwa njia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chupa moja ya kioo na dakika chache za asubuhi zaweza kuliokoa lori ambalo wanachama walilinunua kwa jasho lao.