Matumizi Sahihi ya Magurudumu Manne Yapunguza Gharama za Mafuta Msimu wa Mvua

Katika msimu wa mvua, gari linaloweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne huwa tegemeo la usafiri katika maeneo mengi ya Tanzania yenye barabara za udongo. Ndilo linalofikisha chanjo katika zahanati, linalomwahisha mama mjamzito hospitalini na linalowapeleka wataalamu wa kilimo kwa wakulima. Hata hivyo, uwezo huo wa kupita kwenye tope hulipiwa kwa mafuta, na dereva asiyejua wakati wa kuutumia na wakati wa kuuacha huongeza gharama bila sababu.

Suala hili linawagusa wananchi wengi. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei katika ukanda wa pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na Kanda ya Ziwa, ilhali mikoa ya magharibi, kati na kusini hupata mvua za msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo, sehemu kubwa ya barabara za vijijini zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) hulowa na kuteleza. Aidha, bei kikomo za mafuta hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na kila lita inayopotea njiani huhesabika katika mfuko wa mwenye gari au katika bajeti ya umma.

Ili kuelewa chanzo cha gharama hiyo, ni vyema kufahamu namna mfumo unavyofanya kazi. Katika magari mengi ya kazi, yakiwemo Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, nguvu ya injini kwa kawaida hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Dereva anapohitaji msaada wa magurudumu ya mbele huhamisha mkono wa gia ndogo kutoka alama ya H2 kwenda H4. Kuanzia hapo injini huzungusha pia shafti, difu na ekseli za mbele. Vyuma hivyo vina uzito, na mafuta mazito yaliyomo ndani yake huleta ukinzani, hivyo injini hulazimika kuchoma dizeli au petroli zaidi kwa umbali uleule.

Gharama hupanda zaidi dereva anapohamia L4. Gia hii hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, kiasi kwamba katika magari mengi ya aina hiyo injini huzunguka takriban mara mbili na nusu zaidi kuliko ikiwa kwenye H4 kwa mwendo na gia ileile. Gia hiyo imekusudiwa kunasua gari lililokwama, kupanda mlima mkali au kushuka mteremko wenye utelezi, na siyo safari ndefu.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuacha mkono kwenye H4 baada ya kutoka kwenye tope na kuingia barabara ya lami. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, magurudumu huteleza kidogo na tofauti hiyo humezwa. Kwenye lami kavu hayawezi kuteleza, hivyo vyuma hukazana, usukani huwa mzito, tairi huliwa na gia zinaweza kuvunjika. Nguvu inayopotea katika mvutano huo hutokana na mafuta yaleyale yaliyolipiwa.

Magari yenye mfumo wa kudumu, kama Land Rover Discovery na Subaru Forester, hayana tatizo hilo la kona katika matumizi ya kawaida, kwa kuwa yameundwa kuruhusu tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma. Hata hivyo, mzigo wa vyuma vya ziada huwapo katika kila safari, iwe ya tope au ya lami.

Mfano wa hesabu unaonesha uzito wa jambo hili. Gari lenye tangi la lita 80 linalotumia lita 12 kwa kilometa 100 huenda takriban kilometa 667. Iwapo matumizi yataongezeka kwa asilimia 10 na kufikia lita 13.2, tangi hilo litaishia kilometa 606. Kilometa 60 zinazopotea zinatosha kwenda na kurudi katika zahanati iliyo umbali wa kilometa 30 kutoka makao makuu ya wilaya.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali hali hufanana, ingawa huko theluji huchukua nafasi ya tope na baridi huongeza hasara yake. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, gari la petroli katika safari fupi za mjini hupata umbali pungufu kwa takriban asilimia 15 kwa kila lita linapoendeshwa kwenye nyuzijoto 7 chini ya sifuri, likilinganishwa na nyuzijoto 25. Wizara hiyo pia hutaja magurudumu manne miongoni mwa mambo yanayoongeza matumizi ya mafuta katika majira hayo.

Upepo wa tairi nao una mchango wake. Baadhi ya madereva huupunguza ili tairi zishike vizuri kwenye tope, kisha husahau kuujaza. Takwimu za wizara hiyo zinaonesha kuwa kila pauni moja ya upepo inayopungua katika tairi zote hupunguza ufanisi wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2, hivyo pauni 10 ni sawa na asilimia 2.

Kutokana na hali hiyo, madereva wanashauriwa kuanza safari kwenye H2 na kuhamia H4 kabla ya kuingia kwenye utelezi, badala ya kusubiri gari likwame, kwani kuzungusha tairi papo hapo huchoma mafuta bila gari kusogea. Wanapofika kwenye lami wanapaswa kurejea H2. Gari lenye kufuli za mkono kwenye magurudumu ya mbele lifungwe kufuli hizo kabla ya kuhamia H4 na kufunguliwa safari ya tope inapokwisha. Vilevile, maelekezo ya kitabu cha gari husika yazingatiwe, kwa kuwa mwendo unaoruhusiwa wakati wa kubadili hutofautiana.

Pamoja na kuokoa mafuta, usalama unabaki kuwa jambo la kwanza. Magurudumu manne husaidia gari kuondoka, lakini hayalisaidii kusimama kwa haraka. Aidha, maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kusomba hata magari makubwa ya aina hii. Dereva anayekuta daraja limefunikwa na maji anapaswa kusubiri yapungue au kutafuta njia nyingine.