Zawadi ya Kitovu

Mtoto akitimiza siku saba, sisi watu wa pwani twajua la kufanya: nywele hunyolewa, jina hutajwa, akika huchinjwa, na uzito wa zile nywele hutolewa sadaka ya fedha. Ni sunna, na ni furaha. Lakini siku hizi hema, mapambo na mpiga picha vyaweza kula pesa kuliko mbuzi wa akika. Kesho yake wageni wamekwenda zao, na mtoto hana kilichobaki kwa jina lake.

Tutazame Kutulo, mji mdogo ulio mpakani mwa Wajir na Mandera, njia ya Elwak. Wafugaji wa Kisomali wa upande huo ni Waislamu kama sisi, na akika wanayo. Pamoja nayo, Wasomali wana desturi waiitayo xuddun-xir, maana yake kufunga kitovu. Mtoto, zamani hasa wa kiume, akizaliwa hupewa ngamia jike, akawa mali yake tangu siku hiyo. Waborana nao wana desturi kama hiyo. Wao huiita handhuura, yaani kitovu.

Hekima imo katika huyo jike. Ngamia huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 5 hivi, mimba yake ni miezi kama 13, na baina ya ndama na ndama hupita kama miaka 2. Basi mtoto hukua pamoja na mali yake, na baba huichunga kama amana.

Ukame haukuihurumia amana hiyo. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Aliyepoteza zizi alipoteza pia vitovu vya wanawe.

Nasi pwani twasema kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Basi, ndugu msomaji, punguza mapambo. Siku ya akika panda mnazi, na mbele ya wageni utaje kuwa ni wa mtoto. Baada ya miaka 6 au 7 utaanza kuzaa. Asiye na shamba amwekee akiba, japo ndogo. Na binti asisahauliwe, kwani Mtume (S.A.W.) ametuusia uadilifu katika kuwapa watoto wetu.