Mwalimu Nyerere, Msomaji wa Vitabu

Maisha ya Julius Kambarage Nyerere huandikwa zaidi kama historia ya siasa, na ni haki iwe hivyo, lakini ndani yake imo habari nyingine ambayo haijapewa nafasi inayoistahili, nayo ni habari ya mpenzi wa vitabu ambaye kila alipohamia mji mpya au kushika darasa jipya, usomaji wake ulichukua njia nyingine. Wasomaji wengi hutenga vitabu vya kazi na vitabu vya kuburudisha nafsi. Kwa Nyerere mpaka huo hauonekani kwa urahisi, kwa kuwa kitabu alichokipenda hakikukaa kwake muda mrefu kabla hajatafuta njia ya kukifikisha kwa watu wengine, ama kwa kukifundisha, ama kwa kukijadili, ama kwa kukitafsiri.

Safari zake za mwanzo zilikuwa safari za kuhama lugha. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kulelewa katika lugha ya Kizanaki. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, ambako alijifunza Kiswahili. Na mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, ambako Kiingereza kilikuwa ndicho ufunguo wa elimu ya juu. Mtoto anayepita lugha tatu katika miaka michache namna hiyo hawezi kukiona kitabu kuwa kitu kinachojieleza chenyewe, kwa sababu amekwisha kuonja kwamba maarifa yaliyo katika lugha moja yanaweza kuwa yamefungwa kabisa kwa jirani asiyeijua lugha hiyo.

Katika Chuo cha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, usomaji huo ulianza kupata makali. Miongoni mwa vitabu alivyovishughulikia kimo cha mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, kilichochapishwa mwaka 1869, kinachopinga kuwekwa kwa wanawake chini ya mamlaka ya wanaume kisheria na kimila. Nyerere hakuishia kueleza hoja za Mill kama mwanafunzi anayejibu mtihani, bali aliandika insha akizipima hoja hizo kwa hali ya wanawake wa Kizanaki. Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi ikikumbukwa kwamba mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Mtemi Burito Nyerere, na hivyo kijana aliyekuwa akiandika alikuwa na kitabu cha Mwingereza mkono mmoja na mji wa baba yake mkono wa pili, akiuliza kama kimoja kinaweza kusema kweli juu ya kingine. Huo ndio usomaji hasa, na pengine hapo ndipo panapofaa kuanzwa uchunguzi wa fikra zake, mapema kabla ya hotuba na vyama.

Baada ya Makerere alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akasafiri kwenda Scotland kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alichagua shahada ya sanaa yenye upana, si ya fani moja, na katika miaka ile mitatu alisoma historia ya Uingereza, falsafa ya maadili, uchumi wa kisiasa, yaani elimu inayochunguza jinsi uzalishaji na mgawanyo wa mali unavyofungamana na utawala, na pia anthropolojia ya jamii, yaani uchunguzi wa koo, mila na taasisi za watu, somo ambalo zama zile lilikuwa likiziweka jamii zinazofanana na ile iliyomlea mbele ya macho ya wanazuoni wa Ulaya. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba falsafa yake ya siasa ilijengeka akiwa huko. Usemi huo usichukuliwe kuwa na maana kwamba aliipokea ikiwa tayari kutoka kwa walimu wake, kwani insha aliyoiandika akiwa bado mwanafunzi kuhusu tatizo la rangi katika Afrika Mashariki inamwonyesha mtu anayevitumia vitabu vya wenyeji wake kubishana na utawala wa nchi yao.

Jambo moja la pembeni lafaa kutajwa hapa. Profesa wa uchumi wa kisiasa katika chuo hicho wakati huo, Sir Alexander Gray, alikuwa pia mshairi, na alitafsiri nyimbo za Kijerumani na za Kidenmarki kwa Kiskoti, lugha ya watu wa kawaida wa nchi yake. Si lazima kudai kwamba mwanafunzi alimwiga profesa. Inatosha kuona kwamba mtu mzito wa uchumi kukaa mezani na kutafsiri mashairi kwa lugha ya kwao halikuwa jambo la ajabu mahali pale.

Aliporudi Tanganyika mwaka 1952 alishika kazi ya kufundisha historia katika Chuo cha St. Francis, Pugu, si mbali na Dar es Salaam, huku akiongoza Tanganyika African Association na, kuanzia Julai 1954, chama cha TANU. Mwaka 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, chombo kilichosimamia nchi zilizokuwa chini ya uangalizi wa umoja huo, na baada ya safari hiyo akalazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu, akaiacha Pugu. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kazi iliyofuata: kwa muda aliwafundisha Kizanaki mapadre wa Shirika la Maryknoll na kuwafanyia tafsiri. Mtu aliyetoka Edinburgh na New York alirudi katika lugha ya mama yake akiwa mwalimu wa wageni, na hapo ualimu, safari na tafsiri vilikutana katika kazi moja.

Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, mfasiri akiwa tayari Rais wa nchi. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Ushairi wa Shakespeare katika tamthilia hizi kwa sehemu kubwa hauna vina, yaani mishororo yake haiishii kwa sauti zinazofanana, ilhali shairi la Kiswahili la kimapokeo hudai vina pamoja na mizani, yaani hesabu maalumu ya silabi katika kila mshororo. Nyerere hakuwalazimisha wahusika wa Roma na Venisi kusema kwa vina. Aliwaachia mishororo inayotiririka bila urari wa mwisho, na hivyo akaweka mbele ya wasomaji wa Kiswahili umbo ambalo lingekuja kuzusha ubishi mkali miaka kadhaa baadaye, mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974 na washairi wakagawanyika kuhusu uhalali wa mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani. Ni ajabu kwamba katika ubishi huo tafsiri hizi hazitajwi mara nyingi kama zinavyostahili.

Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alishika njia iliyo kinyume. Mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume, na safari hii alitumia umbo la utenzi, lenye beti za mishororo minne mifupi, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachorudi hadi mwisho wa kazi nzima. Uamuzi huo una mantiki yake, kwani tamthilia ni maneno ya wahusika wanaojibizana, ambayo vina vya kudumu vingeyabana, lakini Enjili ni masimulizi, na utenzi kwa karne nyingi ndio uliobeba masimulizi marefu ya dini katika pwani ya Afrika Mashariki, ukighaniwa mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwa na kitabu mkononi. Mfasiri aliyejua tofauti hiyo alikuwa ameusoma ushairi wa Waswahili kwa uangalifu uleule aliousomea wa Waingereza, na wanafunzi wa fasihi wanaotaka ushahidi wa jinsi alivyosoma wangefanya vyema kuweka toleo la 1963 na lile la 1969 meza moja, wakafuata mshororo kwa mshororo kila neno alilolifuta na lile aliloliweka badala yake.